Mazabodi ya Mwalimu Masinga

Siku ya kuniaga mlinivisha kitenge, mkanilisha keki, kisha mkanipa saa ya ukutani. Saa! Mtu ndiyo kwanza ameachana na kuwahi kazini, halafu anapewa saa. Nawashukuru hata hivyo, imeshatundikwa sebuleni. Katikati ya ile keki Baraka, fundi mpya wa karakana yetu ya kompyuta pale chuoni, akaniinamia akaniuliza: "Mama, nataka kuunda kompyuta yangu ya mezani. Mazabodi nzuri kuliko zote ni ipi?" Mdomo ulikuwa umejaa, nikamwambia nitamwandikia. Basi Baraka, kaa uisome, na wenzako wasome pia, maana najua na wao walikuwa wanataka kuuliza ila waliogopa kuchekwa.

Nianze na siku yangu ya kwanza. Nilitoka Chemba, nimemaliza kozi, najiona fundi kamili. Nilivaa gauni la nailoni na viatu vya kisigino, nikaingia karakana nikitembea kwa mwendo wa mtu aliyeajiriwa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo mrefu mwembamba, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, mbukwa," akichanganya na salamu ya Kigogo, akaniangalia viatu, akanipa ndoo.

"Nyunyiza."

"Ninyunyize nini, mzee?"

"Sakafu, binti. Kwani kwenu hamnyunyizi maji kabla ya kufagia?"

Nilinyunyiza huku nimenuna. Nimesoma miaka yote ile nije kunyunyiza maji kama niko uani kwa mama! Nilipomaliza akaniambia nivue viatu. Yeye mwenyewe alikuwa pekupeku tangu asubuhi, na vidole vyake vya miguu vilionekana vimezoea. Ndipo akanieleza. Kiangazi cha Dodoma mnakijua, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, ukivua sweta usiku unaisikia inaalika. Ile cheche inayokuchoma ukigusa kitasa cha mlango wewe unaicheka, unasema "aah!" yanaisha. Mazabodi haisemi aah. Inakufa kimya, na wewe unabaki kumlaumu muuza duka. Sakafu ya saruji ikiwa na unyevu na wewe uko pekupeku juu yake, umeme wa mwilini unashuka ardhini polepole, na vumbi nalo linalala. Siku hizi mna mikanda ya kuvaa mkononi, vizuri sana, ila nimeona wengine mnaivaa kama bangili, waya wake unaning'inia hewani badala ya kushikizwa kwenye chuma.

Mchana Bi Halima, katibu muhtasi, akaja kuniita pembeni huku anazuia kicheko. "Mzee amenituma nikwambie kesho usivae shumizi ya nailoni. Inazalisha cheche. Yeye ameshindwa kukwambia, ana haya." Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu kesho yake nimevaa pamba mpaka nimestaafu, na hadi leo nikiona nguo ya nailoni dukani naiona kama adui wa kazi.

Sasa tuje kwenye mazabodi, yaani ile bodi kubwa ambayo kila kitu cha kompyuta kinachomekwa juu yake. Mzee Ndahani hakuwahi kuanza kuichagua dukani. Mtu akija kusema anataka kompyuta, mzee alichukua tochi akaenda naye ofisini kwake, akapiga magoti, akachungulia nyuma ya meza. "Huku ndiko ukweli uliko," alikuwa akisema, huku makalio yako juu na kichwa kiko kwenye nyaya. Alitaka kuona kitakachochomekwa: printa gani, skana gani, spika, mashine gani ya ajabu iliyoletwa na wafadhili. Mhasibu alikuwa anaomba kompyuta yenye nguvu za kutisha, kumbe anachohitaji ni mahali pa kuchomeka printa mbili. Ukishajua hayo ndipo unauliza prosesa gani, maana prosesa na soketi ya bodi ni lazima vipatane, havilazimishwi. Kisha nafasi za ramu, uwe na ya kuongeza baadaye. Kisha ukubwa wa kasha, na hapa Baraka utanisamehe, ila wewe ulishawahi kununua bodi kubwa kuliko kasha, nilikuona ukipima kwa rula. Kisha unaangalia kapasita, vile vijidumu vidogo, visiwe vimevimba kichwani. Na mwisho unajiuliza, hii ikiharibika mwezi wa kumi, nitapata wapi nyingine hapa hapa Dodoma? Taa za rangi zinazowaka ndani ya kasha si swali. Usiniletee habari za taa.

Kanuni hizo zilinitosha miaka mingi. Kisha Mzee Ndahani akastaafu, akarudi kijijini kwake kulima mtama na zabibu, akaniachia ndoo, tochi, na bati la biskuti lililojaa makorokoro ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyahifadhi. Na mimi nikawa fundi mkuu. Ndipo likanikuta la Mwalimu Masinga.

Mwalimu Masinga alikuwa mkufunzi wetu wa hesabu, mtu asiyeona tangu utotoni. Ndiye aliyesimamia chumba cha kuchapia nukta nundu, yale maandishi ya vitone vinavyosomwa kwa vidole. Wanafunzi wetu wasioona walitegemea mashine moja tu, zee, zito, la msaada, linalogonga karatasi kwa kelele mpaka darasa la jirani wanasimamisha somo. Na mashine ile ilizoea kuongea na kompyuta kwa poti moja tu, ile pana ya printa za zamani yenye matundu mengi. Mwezi wa tisa umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, ukaiunguza kompyuta yake. Mashine yenyewe ikapona. Nilifungua kasha, harufu peke yake ilitosha kunieleza.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa karibu. Kompyuta mpya za chuo hazikuwa na poti ile pana. Nikajaribu waya wa kubadilishia, unaochomeka huku kudogo na kutoka kule kupana. Printa ya kawaida ingekubali, lakini programu ya nukta nundu ilikuwa haimtambui huyo mkalimani, ikagoma kabisa. Kompyuta kuukuu ambazo zingefaa zilikuwa zimeshapigwa mnada. Nilimfuata aliyezinunua hadi kwake Chang'ombe. Nikakuta amezing'oa bodi zote akaziuza kama chakavu, na ndani ya makasha wametaga kuku. Kuku mmoja alinitazama kwa dharau ambayo sijaisahau.

Nikarudi kwa mkuu wa idara kumweleza hali. Mwalimu Masinga naye alikuwepo, amekaa na fimbo yake nyeupe mapajani. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mambo mengi tu kichwani. Akasema, "Basi mwaka huu wasomewe. Tunatafuta karani mmoja, anasoma maswali kwa sauti, wao wanajibu. Jambo dogo hilo."

Mwalimu Masinga alimgeukia mkuu. Kisha akasema taratibu, "Mkuu, mimi nilisomewa mtihani wa hesabu nikiwa kijana. Aliyenisomea alikuwa na haraka, nadhani alikuwa na njaa. Swali la hesabu halisikilizwi mara moja ukalishika, unalirudia, unarudi nyuma, unasimama kwenye namba. Kila nilipomwomba arudie aliguna. Nikaacha kumwomba. Sikufeli kwa kutojua, mkuu. Nilifeli kwa kumwonea haya. Ikanibidi kurudia mwaka mzima."

Akaongeza, "Wanafunzi wangu wanajua hesabu. Nikiwaacha wafeli kwa aibu, nitakuwa nawafundisha nini?"

Mashine ya kuchapa nukta nundu kwa mkono ilikuwepo moja, lakini kwa masomo yote yale na wiki zilizobaki Mwalimu asingemaliza hata nusu. Mkuu akanigeukia: "Fundi Seche, unaweza?" Sikuwa na uhakika hata chembe. Nikasema naweza, kwa sababu kumwangalia Mwalimu Masinga usoni na kusema siwezi nilishindwa.

Kesho yake nikajiandaa kwenda kuzunguka madukani. Mwalimu Masinga akanikuta getini. "Tunakwenda wote," akasema. "Wanafunzi ni wangu." Akanishika kiwiko, tukaenda. Duka la kwanza hawana, la pili wanatucheka, "Mama, hiyo poti ni ya enzi za babu." La mwisho lilikuwa la jamaa mmoja mcheshi aitwaye Frenki, mwenye mdomo wa kuuza mchanga jangwani. Akaleta bodi yake anayojivunia, nyekundu na nyeusi, ina taa kama ukumbi wa harusi.

"Hii, mama, inakimbia! Kila mtu anaitaka hii."

"Ina poti ya printa ya zamani?"

"Haina, lakini inakimbia!"

"Inakimbilia wapi sasa?" Mwalimu Masinga akauliza.

Frenki akaingia stoo, akarudi na boksi lenye vumbi. Bodi ya kijani, imepoa, haina mbwembwe. Ilikuwa mpya, ilibaki tu kwa sababu haivutii, na hata kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza ilitajwa kwa shida. Prosesa yake ilipatikana, ramu yake ilipatikana, na ingekubali mfumo wa zamani ambao programu ya nukta nundu iliuzoea. Nikaigeuza nyuma kwenye safu ya poti. Kipanya, kibodi, skrini, mtandao. Poti pana hakuna. Moyo ukaniishia kabisa. Nikaanza kuirudisha kwenye boksi.

"Naomba niishike," akasema Mwalimu Masinga.

"Hapana, mzee!" Frenki akaruka. "Hiyo haishikwishikwi!"

"Usihofu. Kule karakana kwa Fundi Seche huwa tunaingia kwa adabu." Akavua viatu. Akashika kwanza nondo za dirisha, umeme wa mwilini umtoke, kama alivyowahi kufundishwa na Mzee Ndahani mwenyewe zamani. Kisha akaomba maji, akanawa, akajifuta, akaipokea bodi kwa kingo zake. Frenki alikuwa anatoka jasho jembamba.

Vidole vyake vikapita juu ya bodi polepole. Hakuwa anatafuta kitu, nadhani. Alitaka tu kuijua kabla hatujaikataa. Akafika ukingoni, mbali kabisa na nyuma, akasimama. Akarudi. Akasimama tena.

"Fundi, hapa kuna sindano zimesimama. Safu mbili ndefu, zimelingana kabisa, ila mwishoni moja haipo. Wameisahau au wameiacha makusudi?"

Nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Pembeni ya zile sindano kulikuwa na herufi ndogo mno, nyeupe, ambazo kwa miwani yangu ile zilionekana kama uchafu. Nikazisoma. Nikazisoma tena. Lo! Ilikuwa ndiyo poti yenyewe ya printa. Watengenezaji walikuwa wameiacha ndani ya bodi, bila tundu la kuitolea nje, kwa ajili ya mtu yeyote ambaye bado angeihitaji. Na ile sindano moja imeachwa makusudi ili usichomeke waya kichwa chini. Miaka yote ile nilifundishwa kuangalia nyuma, na kitu chenyewe kilikuwa kimekaa kule ukingoni kinanisubiri.

Nikapiga kigelegele dukani. Ndiyo, mimi, mtu mzima, kigelegele. Wateja wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Mwalimu Masinga alikuwa anacheka mpaka fimbo ikaanguka. Frenki naye akaanza kusema hiyo bodi kumbe ni adimu sana, mama, nikamwambia anyamaze kabla sijamkumbusha ilivyokuwa imefunikwa na vumbi.

Bado ulihitajika waya wa kutoka kwenye zile sindano kuja nje ya kasha. Hapo ndipo bati la biskuti la Mzee Ndahani likanitoa kimasomaso. Chini kabisa, chini ya skrubu na vipande vya redio, kulikuwa na utepe wa nyaya wenye poti pana mwishoni, umefungwa vizuri na mpira. Niliubusu. Nikaupima kwa mita ya umeme, waya mmoja mmoja, kuhakikisha unapeleka kila kitu mahali pake, ukawa mzima.

Asubuhi ya kuiunda nikavua viatu, nikachukua ndoo, nikafungua bomba. Likapiga kelele ya hewa likanyamaza. Mgao wa maji! Ilikuwa mwezi wa kumi, sakafu imekauka inatoa unga, upepo wa vumbi unapiga madirisha. Bodi ile ilikuwa moja, kama kulikuwa na nyingine nchini mimi sikuijua. Nilishika kitasa cha mlango, kikanichoma. Nikaogopa kweli. Nikampigia simu Mzee Ndahani kijijini.

"Mzee, shikamoo. Nina bodi ya pekee hapa na maji hakuna."

"Marahaba. Mpishi wenu leo anapika nini?"

Nikadhani uzee umemkuta. "Wali, mzee."

"Sasa unaniuliza nini?"

Akakata simu. Nikabaki nimeshika simu mpaka akili ikanirudia, nikakimbilia kantini pekupeku. Mama Zuhura, mpishi, alikuwa ndiyo amemaliza kuosha mchele wa chuo kizima, na yale maji meupe alikuwa anataka kuyapeleka kwa nguruwe wa jirani. "Nipe, dada yangu, nakuomba," nikamwambia. "Ya nini?" "Ya kompyuta." Aliniangalia kwa muda, akanipa. Alinieleza baadaye kwamba alimwomba Mungu aniponye.

Nikanyunyiza maji ya mchele karakana nzima. Mwalimu Masinga akaja, akavua viatu mlangoni, akanusa. "Leo mmepika humu?" Akakaa kwenye kiti kando yangu. Nikaweka prosesa, nikafunga kifuniko cha soketi, nikapaka dawa ya joto, nikafunga feni, nikabana ramu mpaka zikaalika. Kila hatua nilimwambia nafanya nini, na yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa wa nyumbani. Ule utepe wa waya nilimpa auchomeke mwenyewe. Aliitafuta ile nafasi ya sindano isiyokuwepo kwa kidole, akapata, akaingiza, ukakaa.

Nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikakaa nyeusi. Kisha mstari mmoja mweupe, kisha mwingine, kisha ikaamka. Tulipotuma ukurasa wa kwanza, lile zee la mashine likakohoa, likaanza kugonga, ga-ga-ga-ga, na darasa la jirani wakasimamisha somo. Mwalimu Masinga akaichukua karatasi ikiwa bado ina joto, akapitisha vidole mpaka mwisho. Alikuwa anatokwa machozi, na mimi pia, na harufu ya mchele imejaa chumba kizima. Ile karakana ilinuka uji mpaka mvua za kwanza.

Kwa hiyo Baraka, mwanangu, bodi nzuri kuliko zote siijui. Nenda kachungulie nyuma ya meza yako kwanza. Ukiona huna kitu cha kuchomeka, huna haja ya kukimbia, chukua inayopatikana mjini na inayoingia kwenye kasha. Ila isome yote, hata pale ambapo mimi na Mzee Ndahani hatukuwa tumezoea kupasoma.

Nikumalizie na siku ya mtihani wa hesabu. Nilikuwa napita kwenye korido na ngazi yangu, nakwenda kurekebisha nyaya, nikamkuta Mwalimu Masinga amesimama nje ya chumba cha wanafunzi wake, kichwa amekiinamisha mlangoni. Nikadhani kuna tatizo. Nikaweka ngazi chini, nikamsogelea.

"Kuna nini, Mwalimu?"

Akaniinulia kidole ninyamaze. Tukasimama. Ndani hakukuwa na anayesoma kwa sauti, hakuna aliyeguna, hakuna aliyeomba kurudiwa.

"Unasikia?" akaninong'oneza.

"Sisikii kitu, Mwalimu."

"Eeh," akasema, akiwa bado ameegemeza sikio. "Na mimi sisikii."